Kusoma Chupa ya Mvinyo wa Marekani: Zabibu, Kidudu na Sheria

Ukiingia duka la vileo katika mji wowote mkubwa wa Marekani, huenda ukakuta rafuni chupa ya mvinyo wa mapovu iliyoandikwa "California Champagne". Champagne ni eneo la Ufaransa, mashariki ya Paris, na wakulima wa huko hawana mchezo na mtu anayelitumia jina lao kuuzia mvinyo wa kwingine. Hata hivyo chupa ile haijavunja sheria yoyote ya Marekani. Sogea rafu ya pili: chupa moja inajiita kwa jina la zabibu, nyingine kwa jina la bonde, na ya tatu imeandikwa "Reserve" kwa herufi za dhahabu, neno ambalo kisheria halina maana yoyote.

Anayeona hapo ni fujo tupu, simlaumu. Lakini fujo hiyo ina mpangilio wake, na wa kuuelewa hana budi arudi nyuma, kwa sababu karibu kila neno la lebo hizo liliingia pale baada ya jambo fulani kuharibika: mizabibu ilikufa, au soko lilipotea, au sheria ilipitishwa na watu wasiojua mvinyo. Tuanze na mizabibu.

Jamii mbili zisizofanana

Mvinyo wa Ufaransa, Italia, Chile na Afrika Kusini, karibu wote hutokana na jamii moja ya mzabibu, Vitis vinifera, iliyoanza kulimwa upande wa Kaukasi na Mashariki ya Karibu. Cabernet Sauvignon, Chardonnay na Pinot Noir ni aina tu za jamii hiyo moja. Amerika ya Kaskazini ilikuwa na jamii zake nyingi za porini. Walowezi waliposhuka pwani ya mashariki katika karne ya 17 waliikuta mizabibu hiyo imetambaa juu ya miti mpaka kileleni, wakadhani Mungu ameshawamalizia kazi, kilichobaki ni kukamua.

Walipokamua hawakufurahi. Zabibu za jamii ya Vitis labrusca zina harufu nzito ambayo Waingereza waliiita "foxy", yaani ya mbweha, na mpaka leo wanabishana kwa nini mbweha akasingiziwa. Kinachoitoa kinajulikana vizuri zaidi: ni kemikali iitwayo methili anthranilati. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ameshaionja bila kujua, kwani ndiyo hutiwa kwenye pipi na soda za zambarau zinazosemwa zina ladha ya zabibu, ladha ambayo zabibu za sokoni kwetu hazina. Kwenye pipi haina ubaya. Kwenye glasi ya mvinyo wa kunywa na chakula, wengi huikataa.

Basi wakaleta mizabibu ya Ulaya. Mwaka 1619 baraza la kutunga sheria la Virginia, huko Jamestown, lilimtaka kila mwenye kaya apande na kutunza mizabibu 10 kila mwaka, na mafundi wa Kifaransa wakaagizwa waje kufundisha. Mizabibu ikafa. Wakaleta mingine, nayo ikafa. Hali hiyo ilijirudia kwa zaidi ya miaka 150, koloni hadi koloni, na waliopoteza fedha walikuwa watu wa kila hali. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu wa Marekani, alianza kujaribu shambani kwake Monticello miaka ya 1770 akiwa na jirani yake Mwitaliano, Philip Mazzei, akaendelea kupanda upya hadi uzeeni. Alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa mvinyo nchini mwake na aliagiza kwa makasha chupa za Bordeaux, mkoa wa mvinyo wa Ufaransa. Shamba lake mwenyewe halikumpa kitu cha maana.

Lawama zilitupiwa baridi, udongo na uvivu wa vibarua. Wauaji wa kweli walikuwa magonjwa ya ukungu, kama ubwiri unga, pamoja na kidudu kidogo cha manjano kiishicho mizizini ambacho hakuna aliyekuwa akikijua. Mizabibu ya porini ilikuwa imeishi na maadui hao tangu enzi na enzi, ikajijengea kinga. Ile ya Ulaya haikuwa nayo.

Nafuu ya kwanza ilijitokeza yenyewe. Karibu na mwaka 1740, jirani na Philadelphia, ulionekana mzabibu ambao wataalamu leo wanauhesabu kuwa chotara: chavua ya mzabibu wa Ulaya, uliokuwa haujafa bado, ilikutana na ua la mzabibu wa porini. Aina hiyo iliitwa Alexander. Ilistahimili maradhi, ikazaa, na mvinyo wake ulinyweka. Kutoka hapo machotara wakaanza kutafutwa kwa makusudi, na aina inayoitwa Catawba ikamtajirisha zaidi mtu aliyekuwa tajiri tayari, Nicholas Longworth wa Cincinnati. Aliipanda kwenye vilima vya kando ya mto Ohio, na tangu mwaka 1842 alianza kuuza Catawba ya mapovu ambayo sifa zake zilifika hadi Uingereza. Watu wakaliita bonde lile Rhine ya Marekani, kwa jina la bonde la mvinyo la Ujerumani, na mwishoni mwa miaka ya 1850 Ohio ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa mvinyo. Kisha ukungu ukaingia, zabibu zikawa nyeusi na kukauka zikiwa bado mtini. Longworth alifariki mwaka 1863 na mashamba yale hayakukawia kumfuata.

Ephraim Bull wa mji wa Concord, Massachusetts, alikuwa na subira ya ajabu. Aliotesha mbegu za zabibu za porini na kuchagua, msimu baada ya msimu, zaidi ya miche 22,000, mpaka mwaka 1849 akapata mmoja uliozaa mapema kabla ya baridi, wenye matunda makubwa meusi. Ndiyo zabibu ya Concord. Wenye vitalu waliizalisha na kuiuza nchi nzima, naye hakupata fedha za maana. Kaburi lake limeandikwa kwamba alipanda, wengine wakavuna. Na katika waliovuna alikuwemo Thomas Welch, daktari wa meno na Mmethodisti wa New Jersey aliyechukia pombe. Mwaka 1869 alichemsha maji ya zabibu za Concord ili kuua hamira, apate divai isiyolevya kwa ajili ya meza ya Bwana. Kwa hiyo zabibu mashuhuri kuliko zote za asili ya Marekani imepata umaarufu wake kwenye juisi.

Kidudu chavuka bahari

Sasa rudi kwa kile kidudu cha manjano. Wataalamu walikuja kukiita filoksera. Ni wa jamaa ya vidukari, hafiki hata milimita moja na nusu, na hunyonya utomvu wa mizizi. Mzizi wa mzabibu wa Marekani ukiumwa huziba kidonda. Wa Ulaya huvimba, huoza, na mti hufa taratibu kwa miaka michache.

Kwa karne mbili Wazungu walikuwa wakipelekeana miche kuvuka Atlantiki na kidudu hakikufika Ulaya kikiwa hai, kwa sababu safari ya matanga ilikuwa ndefu. Zilipokuja meli za mvuke, kikafika. Dalili za kwanza zilionekana kusini mwa Ufaransa mwaka 1863. Wakulima waling'oa miti iliyokufa, wakatazama mizizi, hawakuona kitu, kwa sababu kidudu huuhama mzizi uliokufa na kwenda kwa jirani aliye hai. Mwaka 1868 tume iliyokuwa na mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon iliamua kung'oa mti uliokuwa bado mzima. Wakavikuta vimejaa.

Mavuno ya mvinyo ya Ufaransa yalishuka kutoka hektolita (lita 100 kila moja) milioni 84 hivi mwaka 1875 hadi milioni 23 hivi mwaka 1889. Serikali ilitangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayeleta dawa. Watu walijaribu kufurika mashamba kwa maji, kuchoma sindano za kemikali ardhini, hata kuzika chura chini ya mzabibu. Dawa ilitoka kulekule ulikotoka ugonjwa. Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, alithibitisha pamoja na Planchon kwamba kidudu cha Ufaransa na cha Marekani ni kimoja, na kwamba mizizi ya Marekani hukihimili. Jibu likawa kubebesha, kama wakulima wetu wanavyofanya kwa maembe na machungwa: chini shina la Marekani, juu kikonyo cha Ulaya. Tunda hubaki la Ulaya, mzizi hubaki na kinga yake. Kwa udongo wa chokaa, kama wa Champagne na Cognac, jamii za kawaida hazikufaa, na hapo Wafaransa walisaidiwa na T. V. Munson wa Denison, Texas, aliyewaonyesha mizabibu ya porini inayomea kwenye chokaa ya jimbo lake. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani mwaka 1888. Zawadi ya zile faranga haikulipwa kwa yeyote.

Kwa hiyo mtu anapojivunia chupa ya Bordeaux kwamba ni Ufaransa mtupu, ardhini mna mizizi ambayo ukoo wake ni wa Missouri na Texas. Kwa maoni yangu huu ndio mchango mkubwa kuliko wote wa Marekani katika mvinyo wa dunia, nao hauandikwi kwenye lebo yoyote.

California yenyewe haikujifunza vya kutosha. Katika karne ya 20 wakulima wengi wa huko walipanda juu ya mzizi uitwao AXR1, chotara mwenye mzazi mmoja wa Ulaya, kwa kuwa unazaa sana. Ulaya ilikuwa imeshauacha. Miaka ya 1980 filoksera ikaanza kuula, na sehemu kubwa ya mashamba ya Napa na Sonoma ikalazimika kung'olewa na kupandwa upya.

Mapadri, dhahabu na Mhungaria

Magharibi mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa. Huko mizabibu ya Ulaya haikuletwa na Waingereza. Ililetwa na mapadri wa Kihispania waliohitaji divai ya misa. Walianza New Mexico mwaka 1629, na California baada ya misheni ya kwanza kujengwa San Diego mwaka 1769. Aina waliyoipanda iliitwa tu Mission, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka jina lake. Uchunguzi wa vinasaba katika karne hii umeonyesha ni Listán Prieto ya Hispania. Kiangazi kikavu cha California kilinyima ukungu nafasi, na filoksera ilikuwa bado ng'ambo ya milima, kwa hiyo vinifera ikastawi.

Wengi hawajui kwamba mji mkuu wa mvinyo wa California kwanza ulikuwa Los Angeles, ambako Mfaransa aliyeitwa, kwa bahati nzuri, Jean-Louis Vignes (vignes ni mizabibu kwa Kifaransa), alianzisha shamba miaka ya 1830 kwa miche ya Bordeaux. Jirani yake, Anaheim, palikuwa koloni la Wajerumani walima zabibu lililoanzishwa 1857. Ugonjwa wa bakteria ulilifuta miaka ya 1880, wakahamia machungwa, na leo penye mizabibu ile watu huenda kupanda bembea za Disneyland.

Dhahabu ilipoonekana mwaka 1848 watu wakamiminika kaskazini, na kiu ikaenda nao. Mhungaria Agoston Haraszthy alianzisha kiwanda cha mvinyo cha Buena Vista huko Sonoma mwaka 1857, na mwaka 1861 akazunguka Ulaya akikusanya miche, akarudi na vipandikizi kama 100,000 vya aina zipatazo 300. Bunge la jimbo lilikataa kumlipa. Alifariki Nicaragua mwaka 1869, na inasadikiwa aliliwa na mamba. Mtu wa namna hiyo hakosi kuzuliwa hadithi: kwa muda mrefu alisifiwa kuwa ndiye aliyeileta Zinfandel, zabibu nyekundu ambayo California huihesabu kuwa yake.

Si kweli. Zinfandel ilikuwa inauzwa kwenye vitalu vya pwani ya mashariki tangu miaka ya 1830, kabla Haraszthy hajahamia Marekani. Swali la nyumbani kwake hasa lilidumu mpaka Carole Meredith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliposhirikiana na watafiti wa Kroatia. Mwaka 2001 walioanisha vinasaba vyake na mizabibu michache mikongwe ya pwani ya Dalmatia iitwayo Crljenak Kaštelanski, ambayo jina lake la kale ni Tribidrag. Primitivo ya kusini mwa Italia nayo ni hiyohiyo. Zabibu ya "Kimarekani" kuliko zote ina ndugu Kroatia na Italia.

Mapango ya kuhifadhia mapipa huko Sonoma na Napa, ambayo watalii hupigia picha, mengi yalichimbwa kwa sururu na vibarua wa Kichina. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia Wachina wasiingie nchini, na historia za makampuni zikakaa miaka mingi bila kuwataja.

Marufuku iliyoongeza mizabibu

Tarehe 17 Januari 1920 marekebisho ya 18 ya katiba yalianza kutumika: marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo. Mtu angetazamia mashamba ya zabibu yafe. Yaliongezeka.

Sheria ya utekelezaji iliacha mlango katika kifungu cha 29: mtu aliruhusiwa kutengeneza nyumbani juisi ya matunda "isiyolevya", na kwa kanuni zilizofuata kaya moja ilipata hadi galoni 200 kwa mwaka, karibu lita 757. Kuthibitisha kwamba juisi hiyo inalevya kulikuwa juu ya serikali. Familia za Wataliano wa New York na Chicago zikawa zinasubiri treni za zabibu kutoka California, kununua masanduku kituoni na kukamulia chini ya nyumba. Wengine walinunua matofali ya zabibu zilizokaushwa na kushindiliwa, yenye onyo kwamba mnunuzi asije akayayeyusha kwenye maji na kuyaacha kabatini siku 20, maana yatageuka mvinyo. Mwelekezo bora kuliko huo haungepatikana. Divai ya ibada nayo iliruhusiwa, na idadi ya waumini wenye kiu iliongezeka kwa namna iliyowashangaza hata viongozi wa dini.

Madhara yake yalikuja polepole. Zabibu nyingi nzuri za mvinyo hazistahimili safari ndefu. Zikisafiri wiki nzima kwenye behewa huoza. Wakulima wakang'oa Cabernet na Pinot, wakapanda Alicante Bouschet, yenye ngozi ngumu na nyama nyekundu mpaka ndani, ambayo mnunuzi angeweza kuikamua, akatia maji na sukari kwenye makapi, akakamua tena na rangi bado ipo. Marufuku ilipofutwa tarehe 5 Desemba 1933, California ilikuwa na mashamba mengi ya zabibu zisizofaa, mapipa yaliyokauka, na mafundi waliozeeka au kuhama kazi. Wanywaji walikuwa wamezoea kitu kitamu na kikali. Kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata, mvinyo uliouzika zaidi Marekani ulikuwa ule mtamu ulioongezwa brandi.

Tena, katiba iliachia kila jimbo lijipangie. Mississippi iliendelea na marufuku yake hadi mwaka 1966, na mpaka leo zipo kaunti ambako huwezi kununua chupa. Majimbo mengi yaliweka mfumo wa ngazi tatu: mtengenezaji humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka. Nia ilikuwa kuzuia viwanda visimiliki baa. Matokeo yake ni kwamba mvinyo wa Oregon unaweza kuwa mgumu kupatikana katika jimbo jingine kuliko wa Italia.

Majina ya kuazima

Hapo ndipo tunaielewa ile "California Champagne". Nchi isiyo na majina ya kwake huazima. Watengenezaji wa karne ya 19 waliita mvinyo mwekundu Burgundy au Claret, mweupe Chablis au Sauterne, mtamu mzito Port au Sherry, na mnywaji akaelewa takribani atakachokipata. Baada ya marufuku desturi hiyo ilirudi kwa nguvu, na sheria ya shirikisho ikaipa hadhi: majina 16, Champagne likiwemo, yakaitwa "semi-generic", maana yake nusu jina la mahali na nusu jina la aina. Unaweza kulitumia mradi utaje mvinyo umetoka wapi hasa. Moja ya chupa zilizouzika sana, Hearty Burgundy ya akina Gallo, iliyoanza 1964, haikuwa na uhusiano wowote na mkoa ule wa Ufaransa.

Ulaya ililalamika miaka nenda rudi. Mwaka 2006 yalifikiwa makubaliano: kuanzia hapo hakuna lebo mpya ya Marekani itakayotumia majina hayo, ila zilizokuwepo kabla ziendelee. Ndiyo maana chapa ya zamani ya California hujiita Champagne halali kabisa, na kampuni iliyoanzishwa mwaka jana haiwezi.

Aliyesukuma njia nyingine alikuwa mwandishi na muuzaji wa mvinyo Frank Schoonmaker. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliwashawishi wateja wake waandike jina la zabibu badala ya kujifanya Ufaransa: Riesling iitwe Riesling. Wenye viwanda vikubwa hawakupenda, maana ukiandika zabibu, lazima uwe nayo. Leo dunia nzima ya mvinyo mpya, kuanzia Australia mpaka Chile, inauza kwa jina la zabibu, na hata Wafaransa wa kusini wameiga.

Lakini chupa ya "Cabernet Sauvignon" ina Cabernet kiasi gani? Zamani ilitosha asilimia 51. Tangu 1983 sheria inataka 75, na robo iliyobaki ni siri ya mtengenezaji. Zabibu za jamii ya labrusca, kama Concord, zimebakishiwa 51, kwa sababu serikali yenyewe ilikiri kwamba ladha yake ni kali mno, zikizidi mvinyo haunyweki. Mbweha ameingia kwenye kanuni za shirikisho.

Mahali

Jina la mahali nalo lina ngazi. Lebo ikitaja jimbo au kaunti, kanuni ya shirikisho inataka asilimia 75 ya zabibu zitoke huko, ingawa California kwa jina la jimbo inataka 100. Ikitaja eneo rasmi la mizabibu, lijulikanalo kwa herufi AVA, ni asilimia 85. Oregon imejiwekea masharti magumu zaidi: 95 kwa eneo, na kwa Pinot Noir lazima iwe asilimia 90 ya zabibu hiyo. Mwaka wa mavuno ukiandikwa pamoja na AVA, asilimia 95 iwe ya mwaka huo.

AVA ya kwanza haikuwa Napa. Ilikuwa Augusta, Missouri, tarehe 20 Juni 1980. Napa ilifuata 1981. Leo zipo zaidi ya 250. Watu huzifananisha na mfumo wa Ufaransa, na hapo ndipo wengi hupotea. Mfumo wa Ufaransa humwambia mkulima apande zabibu gani, avune kiasi gani kwa hekta, afikishe kilevi kiasi gani. AVA huchora mpaka tu, kwa hoja za udongo, hali ya hewa na historia ya jina. Ndani ya mpaka fanya upendavyo. Cole Ranch huko Mendocino ni ndogo mno. Upper Mississippi River Valley ina kilomita za mraba zipatazo 77,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi kwa pamoja. Zote mbili zina hadhi ileile kisheria.

Kilichoyapa majina hayo thamani ya fedha ni mashindano ya Paris ya tarehe 24 Mei 1976. Muuzaji Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Kifaransa, akawapa glasi bila kuwaonyesha lebo. Kwa mvinyo mweupe iliongoza Chardonnay ya 1973 ya Chateau Montelena, iliyotengenezwa na Mike Grgich, mzaliwa wa Kroatia. Kwa mwekundu, Cabernet ya 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars. Zote za Napa. Mwandishi wa habari mmoja tu, George Taber wa jarida la Time, ndiye aliyehudhuria, na ripoti yake ilikuwa fupi. Ilitosha.

Maneno yenye meno na yasiyo na meno

Yasiyo na meno kwanza. "Reserve", "Private Selection", "Old Vine", "Barrel Select": sheria ya shirikisho haiyaelezi. Kampuni moja itaandika "Reserve" kwenye pipa lake bora, nyingine kwenye kila chupa inayotoka kiwandani.

"Estate Bottled" lina meno makali: zabibu zote, asilimia 100, zitoke kwenye mashamba yanayomilikiwa au kusimamiwa na mtengenezaji, shamba na kiwanda viwe ndani ya AVA moja, na mvinyo usitoke nje ya kiwanda hicho mpaka uwe kwenye chupa. Ukiliona, limelipiwa jasho.

Halafu yapo maneno madogo ya chini ambayo msomaji hupita. "Produced and bottled by" maana yake aliyetajwa alichachua mwenyewe angalau asilimia 75. "Cellared by" na "Vinted by" yanasikika ya heshima zaidi, ila yanamruhusu mtu aliyenunua mvinyo tayari kwa tangi, akautunza kidogo, akautia chupani. Hakuna kosa hapo, mvinyo wenyewe waweza kuwa mzuri. Ila bei ikiwa ya juu, ni vizuri kujua unamlipa nani kwa kazi gani.

Mengine ni ya biashara. "Fumé Blanc" ilibuniwa na Robert Mondavi, mtengenezaji wa Napa, mwaka 1968 ili kuuza Sauvignon Blanc iliyokuwa na sifa mbaya. "Meritage" ilipatikana kwa shindano mwaka 1988, kwa ajili ya mchanganyiko wa zabibu za Bordeaux ambao haufiki asilimia 75 ya zabibu yoyote. Hutamkwa kama "heritage" ya Kiingereza, na wanaoipa matamshi ya Kifaransa hujitaabisha bure. "White Zinfandel" si nyeupe, ni ya waridi. Mwaka 1975 huko Sutter Home, kiwanda cha mvinyo cha California, pipa moja lilikwama kuchachuka, sukari ikabaki, na badala ya kumwaga wakauza. Wajuzi waliicheka. Mauzo yake yaliwafanya wakulima wasing'oe Zinfandel kongwe wakati mvinyo mwekundu haununuliki, na chupa ghali za "Old Vine" wanazosifia wajuzi haohao leo zinatoka kwenye mizabibu iliyookolewa hivyo.

Imebaki asilimia ya kilevi. Marekani "table wine" ni daraja la kilevi, asilimia 7 hadi 14, bila kujali ubora. Lebo yenye maneno hayo hailazimiki hata kutaja namba. Zamani 14 ndio uliokuwa mpaka wa kodi ya chini. Tangu 2018 kodi hiyo inafika 16, lakini kanuni ya lebo imebaki palepale. Hadi 14, namba iliyoandikwa inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 1.5 juu au chini, mradi isiuvuke mpaka. Zaidi ya hapo, kwa asilimia 1. Chupa iliyoandikwa 13.5 inaweza kuwa na 12 au 14 kamili, na mkaguzi hatakuwa na la kusema.